Mzee Mvuke Anatuaga kwa Kireno

Ndugu wafanyakazi wenzangu, nawasalimu nyote, wa wodini na wa ofisini, wa jikoni na wa getini. Hamjambo? Afya zenu na za watoto wenu zikoje? Sisi huku chumba cha kufulia tu wazima kwa rehema za Mungu, isipokuwa mashine kubwa, ile tunayoiita Kifaru. Inakohoa tangu wiki iliyopita, na fundi bado anaitazama tu.

Wenzangu wameniomba niandike habari za msimamizi wetu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Mvuke. Tarehe thelathini ya mwezi huu anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne. Jina hilo alipewa na wauguzi wa zamani. Kila walipokuja kuchukua mashuka walisikia sauti kwanza, "Karibuni, karibuni, msikanyage hapo, pamelowa," ndipo mwenyewe akajitokeza katikati ya mvuke wa pasi kubwa kama mtu aliyeshushwa na wingu.

Aliingia hapa kijana, akibeba mabunda ya nguo chafu mgongoni. Akawa mpiga pasi, akawa msimamizi. Zile nyuzi za rangi mnazoziona kwenye pembe ya kila shuka, nyekundu za upasuaji, buluu za wazazi, kijani za watoto, ni akili yake. Kabla ya hapo mashuka yalikuwa yakitangatanga wodi hadi wodi, na wauguzi wakishikana mashati kwa ajili yake. Mashuka ya watoto aliagiza yapigwe pasi mwisho kabisa, ili yafike kitandani yakiwa bado na joto. Hakuna aliyemtuma. Alisema tu kwamba mtoto mgonjwa ukimlaza kwenye kitambaa cha baridi anajua hapendwi.

Wale wa zamani mtakumbuka meno. Siku moja alikuta meno ya bandia ndani ya foronya, seti kamili, yakimchekea. Mtu mwingine angeyapeleka mapokezi na kunawa mikono. Yeye aliyaosha, akayaweka kwenye sahani, akapita nayo kitanda kwa kitanda akiomba radhi na kuwasihi wagonjwa wafungue vinywa. Wazee wawili waliyagombea, kila mmoja akiapa ni yake. Mzee Mvuke akawaambia, "Basi mwenye meno ni yule atakayeweza kutafuna mkate huu mbele yangu." Kesi ikaisha hapo hapo.

Lakini mimi niliyesimama naye upande wa pili wa shuka kwa miaka mingi naona kwamba mkitaka kumjua mzee huyu sawasawa, lazima mwelezwe habari ya Kireno.

Mzee alifiwa na mkewe miaka michache iliyopita, Mola amrehemu mama yule, alikuwa mtu na nusu. Wana mtoto mmoja wa kiume. Anafanya kazi ng'ambo, nchi wanakosema Kireno, na huko huko akaoa, wakajaliwa binti ambaye sasa anakaribia kuanza shule. Baba wa mtoto ni mtu wa zamu. Akitoka, mtoto amelala. Akirudi, mtoto amelala. Kiswahili alichofanikiwa kumfundisha ni "njoo" na "basi". Mama mtu hajui hata hayo.

Kila Jumapili alasiri hupigiana simu ya video. Mzee alikuwa akivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, anaketi wima mbele ya simu, anatabasamu. Ndiyo basi. Mtoto anamtazama, naye anamtazama. Akizidisha tabasamu ili kuziba kile kimya, mtoto anaingia chini ya meza. Jumapili moja binti alimuuliza baba yake jambo, baba akaangua kicheko. Mzee akataka kujua kasema nini.

"Ah, baba, utoto tu. Anauliza mbona babu haongei. Kwani ameharibika?"

Mwanawe alicheka, mkwewe alicheka. Jumatatu tulipoanza kukunja, mzee aliniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nimeharibika."

Neno lile lilimwingia kwa sababu mwanawe alikuwa ameshamwomba kwamba akistaafu aende akaishi nao. Nyumba yake hapa ni tupu, kuna redio na yeye. Alitamani sana kwenda. Lakini alimpa mwanawe jibu bila kuzunguka: "Siendi kukaa kwenye nyumba ambayo mtoto akiniona anaingia chini ya meza. Nitakuwa babu au nitakuwa dubwana?" Wakaelewana kwamba mwezi wa kustaafu ukifika ndipo ataamua. Mjukuu akikubali kuzungumza naye, atapanda ndege. Asipokubali, atabaki na redio yake.

Ndipo akaenda kwa karani wa mapokezi, akamwomba amwekee kwenye simu ile programu ya kufundisha lugha. Fundi wa boila, ambaye mnamjua kwa maneno yake, alipopata habari hakukawia.

"Mzee, samaki mkunje angali mbichi. Wewe umeshakauka, utavunjika!"

"Hiyo ni habari ya samaki," mzee akamjibu, wala hakuinua macho. "Sisi huku tunakunja mashuka. Shuka likiwa bichi ndiyo halikunjiki."

Fundi alirudi kwenye boila yake akiwa hana la kuongeza, na hilo peke yake lilistahili kuandikwa kwenye taarifa ya mwaka.

Sasa mwanzo wenyewe ulikuwa balaa. Programu humuuliza mtu kwanza anajifunza kwa sababu gani: biashara, masomo, utalii, au mapenzi. Mzee alitafakari kama mtu anayejibu mbele ya hakimu. Biashara hana. Masomo yalimshinda zamani. Haendi kutalii. Akabonyeza mapenzi, maana si ni kwa ajili ya kumpenda mjukuu wake? Akasoma kwa bidii siku kadhaa. Ijumaa nikamkuta anapanga foronya huku akirudia sentensi moja, taratibu, kwa sauti tamu kabisa. Nikamwomba nione simu, kwa kuwa maana huandikwa kwa Kiswahili chini yake. Nikasoma. Nikafuta miwani, nikasoma tena.

"Mzee wangu, haya unakwenda kumwambia nani?"

"Nyumbani kwao, keshokutwa. Nilisema nianze na mkwe, kwa sababu ndiye anayepokea simu."

"Hapa pameandikwa: macho yako yameninyima usingizi, je, una mtu?"

Mzee akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Nyote mnajua kwamba hakuna aliyewahi kumwona amekaa juu ya kikapu cha nguo chafu. "Ee Mola nisitiri," akasema. "Mkwe wangu! Mke wa mwanangu!" Tulimshukuru Mungu pamoja pale pale kwa kutuepusha, kisha akamrudia karani, akabadilishiwa, akawekwa darasa la watoto wadogo.

Darasa lile halina aibu, lakini lina vituko. Bata wangu anasoma gazeti. Ng'ombe amevaa kofia. Sungura ana njaa. Farasi yuko jikoni. Mzee alinung'unika: "Mtu mzima kama mimi, nitamwambia nani ng'ombe amevaa kofia?" Nikamwambia, bora ng'ombe avae kofia kuliko mkweo akose usingizi. Akaendelea na somo.

Mwalimu wa kwenye simu husema sentensi, wewe unarudia, yeye anakusikiliza na kukupa nyota. Mzee alizoea kuiweka simu juu ya Kifaru ili mikono yake iwe na nafasi ya kazi. Akasema sentensi zake, akaenda kutoa nguo, akarudi, akakuta nyota zimejaa na yule mwanamke wa kwenye simu anamwimbia hongera, matamshi yako ni bora kabisa. Akapanda ngazi. Akapanda nyingine. Tulimpigia makofi, na mimi nilimtaja kwenye sala zangu kama mfano wa baraka za uzeeni. Kisha Kifaru ikazimwa kwa matengenezo, na nyota zikakauka. Mzee anasema, simu inamwambia jaribu tena. Anasema, jaribu tena. Fundi wa boila akaja, akasikiliza, akawasha Kifaru kidogo tu. Mashine ikanguruma, simu ikasema, "Safi sana!"

Fundi alijishika mbavu. "Kumbe Kifaru ndiye anayejua Kireno! Mkatieni tiketi yeye!"

 Mzee alirudi somo la kwanza kabisa, pale pa "mimi ni" na "wewe ni", na akahama na simu yake, akaja nayo chumba cha kukunjia, mbali na mashine.

Kukunja shuka, kwa wasiojua, ni kazi ya watu wawili. Mnashika pembe, mnalivuta mpaka linyooke, mnaendeana, mikono inakutana, mmoja anapokea, mwingine anainama kushika mkunjo. Mzee aliingiza Kireno chake humo. Tukilivuta, mwalimu anasema. Tukikutana, mzee anarudia. Akikosea, hakuna kupokea. Tunarudi nyuma, tunalivuta upya. Wodi ya upasuaji mlilalamika kwamba mashuka yanachelewa. Mlikuwa na haki, tuwieni radhi. Palikuwa na bata mmoja ambaye kulisoma gazeti lake kulituchukua mabunda mawili mazima. Lakini ulimi ulianza kulegea, na hata mimi, bila kupenda, nikajikuta nakoroga chai nyumbani nikisema kwa Kireno kwamba farasi yuko jikoni.

Simu yenyewe ilikuwa na wivu kama bibi harusi. Akiisahau, inamwita. Kuna asubuhi nilikuwa nawaongoza wenzangu kwenye sala yetu ya kuanzia zamu. Siku hiyo Mungu alikuwa amenijalia maneno, niliombea wagonjwa, madaktari, boila, hata fundi wake. Nikasema Amina. Kutoka mfukoni mwa mzee, yule mwanamke akasema kwa upole, "Karibu upate. Jaribu tena."

Sikuwahi kuona watu wacha Mungu wakitoka mbio namna ile kwenda kucheka nje.

Basi mwezi wa mwisho ukaingia, na mzee akajiona yuko tayari. Jumapili ya kwanza akavaa shati, akaketi wima, simu ikaita. Mkwewe akapokea, akamleta binti. Mzee akafungua kinywa. Hakuna kitu. Kireno chote kilikuwa kimeondoka, bata, ng'ombe, farasi, zizi zima limebaki tupu. Mtoto akangoja kidogo, kisha akaingia chini ya meza.

Jumatatu alikuja kazini amenyong'onyea. Aliniambia ameshamwandikia mwanawe ujumbe kwamba hatakwenda, bado tu hajautuma. "Nimeona ukweli, mdogo wangu. Fundi alisema kweli." Nikamwambia haya, tukunje kwanza, lawama baadaye. Tukashika pembe, tukalivuta, tukaendeana, na mikono ilipokutana mzee akasema, bila hata mwalimu kumwambia, kwamba ng'ombe amevaa kofia. Neno halikuwa na kasoro. Tukatazamana. Tukaachia, akajaribu mikono mitupu. Kimya. Akashika shuka, maneno yakaja. Akaachia, yakaondoka.

Hapo tukaelewa. Alikuwa amejifunza kwa mikono. Alipoketi mbele ya simu, mikono iko mapajani, ulimi ulikuwa haujui pa kuanzia.

"Sasa nitafanyaje? Niende ng'ambo na shuka begani?"

"Wao ndio waje kwenye shuka," nikamwambia.

Tulimwomba muuguzi mkuu ruhusa simu ya Jumapili iliyofuata ipigiwe chumba cha kukunjia. Alidhani tunamtania. Tulipomweleza akasema, "Nimesaini mengi katika hospitali hii, hilo nalo liwe." Namshukuru hapa mbele yenu wote.

Jumapili ile tulikuwa zamu mimi na mzee. Simu tukaiegemeza kwenye kopo la wanga, juu ya meza. Mkwe akapokea, mwana alikuwepo pia, bahati njema alikuwa mapumziko. Binti hatukumwona. Tuliona meza, na chini ya meza nywele kidogo. Mzee alishika pembe zake, akasahau kuvuta. Nikamwambia, "Vuta, mzee. Ni shuka tu." Tukalivuta. Tukaendeana. Mikono ikakutana.

"Bata wangu anasoma gazeti," akasema kwa Kireno.

Nywele zikaacha kutikisika. Tukashika shuka lingine. "Ng'ombe amevaa kofia." Likatokea paji la uso. Shuka lingine. "Farasi yuko jikoni." Yakatokea macho, na macho yenyewe, ndugu zangu, ni ya babu yake matupu. Binti akatoka chini ya meza, akasogea mpaka uso ukajaa kwenye kioo, akauliza neno.

Mzee akanitazama. Hilo halikuwemo kwenye masomo. Mwanawe akawa anafungua kinywa atafsiri, mzee akamnyooshea kidole anyamaze. Alikuwa amelitambua neno "gazeti", na alikuwa amesikia kwamba ni swali. Mtoto alitaka kujua bata anasoma gazeti gani. Mzee akalivuta shuka kwa nguvu, nusura aning'oe pale niliposimama. Akaja, mikono ikakutana, na polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akasema:

"Gazeti la sungura. Sungura ana njaa."

Sentensi ile hakufundishwa na simu. Aliiunga mwenyewe, kipande hapa na kipande pale, ikasimama. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakimbia, akaondoka kabisa kwenye kioo, na mzee uso ukamwanguka. Binti akarudi anaburura blanketi lake. Akampa mama yake pembe mbili, akashika mbili, akamtazama babu, akasema kwa Kiswahili, "Njoo!"

Tukakunja, sisi huku na wao huko. Mtoto anasema mnyama, babu anamvisha nguo au anamwingiza jikoni. Mkwe, Mungu ambariki, ni mama mwema, lakini kukunja hajui. Anakutana kabla ya kuvuta. Mzee alivumilia mara ya kwanza. Mara ya pili akaacha shuka lake na kumwonyesha kwa mikono, hivi, kwanza vuta, sasa njoo. Binti akamwambia baba yake jambo refu, kwa ukali, akionyesha kidole kwenye simu. Mwana akacheka.

"Kasema nini?" mzee akauliza.

"Anasema babu aje upesi, mama hajui kukunja."

Mzee alijifuta uso kwa pembe ya shuka lililokuwa limeshapigwa pasi. Angekuwa mwingine yeyote amefanya hivyo, mngesikia kelele za mzee mpaka getini. Tulilifua upya Jumatatu, na ule ujumbe wake kwa mwanawe aliufuta.

Anaondoka siku chache baada ya kustaafu. Bado anajifunza, na sasa maneno huja hata akishika leso tu mkononi. Fundi wa boila naye, siwataji watu kwa ubaya, alionekana juzi nyuma ya tangi akiiuliza simu yake namna ya kusema habari za asubuhi kwa Kichina. Amesema ni udadisi tu.

Mzee wetu, kwa niaba ya wote waliolala kwenye mashuka yako bila kukujua, tunasema asante. Asante kwa joto la mashuka ya watoto, kwa nyuzi za rangi, kwa kutukaripia tulipostahili na kututetea hata tusipostahili. Mungu akufikishe salama, akupe afya, akuzidishie maneno. Tunakuombea siku njema zote zilizobaki, ziwe nyingi, na mlango utakaobisha hodi ufunguliwe mbio.

Kwenu wenzangu: tutamuaga Ijumaa ijayo saa saba mchana, hapa hapa chumba cha kukunjia, chai ipo. Mtakaokuja naomba mnijibu mapema. Na kuanzia Jumatatu yake sina mtu wa kushika upande wa pili wa shuka. Aliye tayari naye anijibu, tafadhali, asikawie.